Alama ya Kuuliza Pembeni ya Namba

Katika orodha ya mabingwa wa soka Tanzania Bara kuna mstari mmoja ambao sisi wa Rungwe huusoma taratibu kuliko mingine: 1986, Tukuyu Stars. Mwaka mmoja kabla yake ni Yanga, mwaka mmoja baada yake ni Yanga. Katikati imekaa timu ya mji mdogo wa mvua, migomba na chai, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ikachukua ubingwa wa nchi msimu huohuo. Banyambala, waliitwa. Sekilojo Chambua, ambaye wengi wanamkumbuka kwa jezi ya Yanga na ya Taifa Stars, alitokea kwao.

Mstari huo leo unasomwa na mtu yeyote duniani mwenye intaneti, kwa sababu kuna watu waliojitolea kuutunza. Januari 1994 wapenzi wa takwimu za soka waliokuwa wakibishana mtandaoni waliunda RSSSF, na tangu hapo wamekusanya matokeo ya ligi za karibu kila nchi, bila kulipwa. Ninawaheshimu sana. Lakini nyuma ya mstari ule wa 1986 kuna mengi ambayo hawakuwahi kuletewa: nani alicheza dakika ngapi, nani alitoa pasi za mwisho, kipa aliokoa michomo mingapi. Mabao ya msimu ule yanakaa zaidi vichwani mwa wazee kuliko kwenye karatasi.

Sasa mchukue mwanafunzi wa sekondari hapa Tukuyu anayecheza sataranji kwenye simu usiku huu. Kila hatua anayopiga inahifadhiwa, na sekunde alizotumia kuifikiria. Akimaliza, ataona grafu ya alama zake tangu mchezo wake wa kwanza, ataona anashinda mara ngapi akiwa na weupe na mara ngapi akiwa na weusi, ataona ni ufunguzi gani unamponza. Hesabu ambazo mshambuliaji bingwa wa nchi hakupata, kijana huyu anazipata bure kabla ya kulala.

Hesabu hizo hazijipangi zenyewe. Nyuma yake kuna ufundi ambao nimekuwa nikiufuatilia kwa miaka kadhaa, na kadiri ninavyouelewa ndivyo ninavyozidi kuuvulia kofia. Watu wengi wanaona namba tu. Mimi naona maamuzi: nani kaamua tugawe kwa nini, nani kaamua tusubiri mpaka lini kabla ya kusema jambo, nani kaamua tukiri kwamba bado hatujui.

Tuanze na malighafi. Mchezo wa mtandaoni unapomalizika, seva inaandika rekodi moja: namba ya mchezo, namba za utambulisho za wachezaji, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, matokeo, na matukio ya ndani. Tovuti nyingi za takwimu si mali ya kampuni yenye gemu. OP.GG ya Korea Kusini ilijijengea jina kwa takwimu za League of Legends, na Dotabuff kwa Dota 2. Zinaomba rekodi kupitia mlango rasmi uliofunguliwa na mwenye gemu, na mlango huo una kikomo cha maombi kwa kila kipindi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni subira. Lazima apange foleni: yupi aulizwe sasa, yupi angoje, nani hajacheza wiki nzima na hana haja ya kusumbuliwa. Tena mchezo wa watu kumi unaweza kumfikia mara kumi, kupitia historia ya kila mmoja wao. Asipoukagua kwa namba yake ya mchezo, ushindi mmoja utahesabiwa kana kwamba ni kumi.

Halafu kuna jambo linaloonekana dogo na ndilo msingi wa yote. Fundi mzuri hahifadhi wastani. Anahifadhi jumla na idadi. Anayelima chai Katumba anaujua utaratibu huu bila kufundishwa na mtu wa kompyuta: majani mabichi yanapopimwa, kinachoandikwa ni kilo za siku ile za mkulima yule, na mambo ya wastani yanakuja baadaye, kutokana na kilo hizo. Chukua mchezaji aliyefunga mabao 2 katika mechi 2 za mwezi wa kwanza, kisha mabao 8 katika mechi 20 za mwezi wa pili. Wastani wa mwezi wa kwanza ni 1, wa pili ni 0.4. Ukizijumlisha namba hizo mbili ukagawa kwa mbili, unapata 0.7, na umemsifu mtu kwa uwezo asiokuwa nao. Ukweli ni mabao 10 katika mechi 22, yaani 0.45. Tovuti iliyohifadhi wastani peke yake imeshajifungia mlango wa ukweli huo, kwa sababu haijui tena ulitoka katika mechi ngapi. Iliyohifadhi jumla na idadi inaweza kujibu swali la mwezi, la mwaka, na la maisha yote.

Swali hilo la "kati ya ngapi?" ndilo roho ya ufundi wote. Kila namba nzuri katika tovuti za aina hii imelipitia.

Angalia orodha ya vinara. Ukipanga wachezaji kwa asilimia ya ushindi, bila kufikiri zaidi, juu kabisa atakaa mtu aliyecheza mchezo mmoja akashinda. Ana asilimia 100. Chini yake atakaa aliyecheza michezo 100 akashinda 70. Kila mtu anaona kwamba orodha hiyo haifai, ila kuirekebisha kunahitaji akili. Njia ya haraka ni kuweka kiwango cha chini: usiyefikisha michezo 20 huingii. Inafanya kazi, lakini inakata kama panga. Mwenye michezo 19 hayupo, mwenye 20 yupo.

Njia ya pili ninaipenda zaidi, na mizizi yake inafika kwa Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 18. Kabla ya kumhesabia mtu yeyote, mpe michezo michache ya kubuni yenye matokeo ya kawaida: tuseme michezo 10, kashinda 5. Yule wa mchezo mmoja sasa ana ushindi 6 katika michezo 11, asilimia 54.5. Yule wa michezo 100 ana 75 katika 110, asilimia 68.2. Mpangilio umekaa sawa, na hakuna aliyefukuzwa orodhani. Anayecheza sana, ile michezo ya kubuni inazama ndani ya michezo yake halisi mpaka isionekane. Anayecheza kidogo anabaki karibu na watu wa kawaida mpaka athibitishe vingine. Ni adabu ileile ya mzee anayemsikiliza mgeni: hakukatai, hakuamini moja kwa moja, anangoja akuone zaidi.

Hata hivyo asilimia ya ushindi ina upofu wake: haijui ulimshinda nani. Dawa ya upofu huo ilitengenezwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungary aliyekuwa profesa wa fizikia mjini Milwaukee, Marekani. Shirikisho la sataranji la Marekani lilianza kutumia mfumo wake mwaka 1960, na FIDE, shirikisho la dunia, likaufuata mwaka 1970. Kila mchezaji ana alama. Tofauti ya alama kati ya wawili inageuzwa kuwa matarajio. Tofauti ikiwa sifuri, kila mmoja anatarajiwa kuvuna nusu. Ikiwa 200, mwenye nyingi anatarajiwa kuvuna takriban asilimia 76 ya pointi. Ikiwa 400, takriban 91. Mchezo ukiisha, unachukua matokeo halisi, unatoa matarajio, unazidisha kwa kipimo fulani, tuseme 20, na kinachobaki ndicho unachoongezewa au kukatwa. Mwenye nguvu akimshinda mnyonge kwa tofauti ya 200 anapata kama alama 5. Akifungwa anapoteza 15. Mstari mmoja wa hesabu, na ndani yake kuna haki: hakuna sifa ya bure kwa kuonea wadogo, wala aibu kubwa kwa kushindwa na mkubwa.

Mfumo huu hata shabiki wa Taifa Stars anauishi, ajue asijue. Tangu Agosti 2018 FIFA inapanga timu za taifa za wanaume kwa hesabu ya ukoo huohuo, ila inagawa tofauti kwa 600 badala ya 400 ya Elo, na inazipa mechi uzito tofauti: mechi ya fainali za bara, kabla ya robo fainali, ina uzito wa 35. Kumbuka fainali za Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast, Januari 2024. Tulifungwa na Morocco 3-0, tukatoka sare 1-1 na Zambia, tukatoka sare tasa na Kongo. Tuliaga mashindano bila ushindi hata mmoja, na mitaani watu walisema hatukufanya kitu. Lakini sare na timu iliyokupita si sifuri katika hesabu hii. Tuseme mpinzani anakuzidi alama 200. Matarajio yako ni takriban 0.32. Sare ni 0.5. Tofauti ni 0.18, ukizidisha kwa 35 unaongezewa zaidi ya alama 6. Fomula iliyaona yale ambayo macho ya mashabiki wenye hasira yaliyapita.

Sasa rudi kwa Tukuyu Stars, kwa sababu wao ndio wanaofichua udhaifu wa Elo kuliko mfano wowote ninaoujua. Timu inapanda daraja. Kwenye karatasi ni ndogo. Elo ataipa alama za chini, kisha ataipandisha hatua kwa hatua, mechi baada ya mechi, kwa kipimo kilekile anachotumia kwa Simba ambayo imekuwepo miaka yote. Hadi alama zinaanza kuukaribia ukweli, msimu umekwisha na kombe liko Tukuyu. Kosa halimo katika kuanza chini. Kosa ni kwamba mfumo unaitazama timu mpya kwa uhakika uleule unaoitazama nao timu kongwe. Hauna mahali pa kuandika: hii bado hatuijui.

Mahali hapo palitengenezwa na Mark Glickman, mtakwimu wa Marekani, katika mfumo alioutoa mwaka 1995 na kuuita Glicko. Kwake kila mchezaji ana namba mbili. Ya kwanza ni alama, kama za Elo. Ya pili ni mkengeuko, yaani kipimo cha mashaka yetu kuhusu ile ya kwanza. Mtu mwenye alama 1500 na mkengeuko 50, tunaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba nguvu zake ziko kati ya 1400 na 1600. Mwenye alama hizohizo 1500 lakini mkengeuko 200, nguvu zake zinaweza kuwa popote kati ya 1100 na 1900. Wawili hawa wana namba moja, na ni watu tofauti kabisa.

Uzuri wake uko katika mwendo. Mashaka yakiwa makubwa, kila mchezo unazisogeza alama kwa kishindo. Mashaka yakipungua, alama zinatulia. Mgeni anayeshinda mfululizo anapanda kwa kasi, kama ambavyo Banyambala wangestahili kupandishwa. Na ukicheza na mtu ambaye mfumo haumjui vizuri, ushindi au kipigo chako hakikusogezi sana, kwa kuwa hakijasema mengi kuhusu wewe. Kuna na hili, ambalo naliona ni la kiungwana sana: usipocheza, alama hazishuki, ila mkengeuko unakua. Mwanafunzi anayeacha simu nyumbani na kwenda bweni miezi mitatu hakatwi chochote. Mfumo unasema tu kwamba umepita muda hatujakuona, huenda umekuwa mkali zaidi, huenda umesahau, njoo tukuangalie upya.

Lichess, tovuti ya sataranji iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, inatumia Glicko-2, toleo la baadaye linaloongeza kipimo cha tatu: mchezaji huyu ni wa kutabirika, au leo simba kesho mbuzi? Tovuti hiyo haina matangazo, haina ada, na programu yake iko wazi kwa yeyote kuisoma. Humo ndimo ninapopenda kumpeleka anayetaka kuelewa ufundi huu. Mgeni anaanza na 1500, na pembeni ya 1500 hiyo kuna alama ya kuuliza. Alama hiyo inabaki pale mkengeuko unapokuwa juu ya 110, na inaondoka ukishuka chini yake.

Kialama kimoja cha uandishi kimebeba nadharia nzima ya takwimu. Msomaji asiyejua mkengeuko ni nini, asiyewahi kusikia jina la Glickman, anaona "1500?" na anaelewa papo hapo kwamba namba hii haijaiva. Fundi angeweza kuandika 1500 ± 220, na angekuwa sahihi zaidi, na watu wachache wangemwelewa. Angeweza kuficha kabisa, na ukurasa ungependeza, na angekuwa ametuhadaa. Alichagua kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu anakijua. Nimeona kurasa za takwimu zenye rangi, vikombe na nishani zinazometameta, na bado sijaona pambo linalofikia kiulizo hicho kwa uaminifu.

Microsoft walifika mahali karibu na hapo kwa njia nyingine. Mfumo wao wa TrueSkill, uliotoka mwaka 2005 kwa ajili ya michezo ya Xbox, unamkisia mgeni kuwa na nguvu 25 na mashaka ya 25 gawanya kwa 3. Kwenye orodha ya vinara unaonyesha nguvu ukitoa mashaka mara tatu. Kwa hiyo mgeni anaanza na sifuri, ingawa ndani mfumo unamhesabia 25. Akicheza, mashaka yanayeyuka na namba yake inapanda, hata kama nguvu zake hazijabadilika. Ni uamuzi wa busara na wa kumtia mtu moyo. Mimi hata hivyo nabaki na kiulizo, maana kinamwambia mtu ukweli kuhusu yeye na kuhusu sisi tunaompima.

Kuonyesha ni nusu ya kazi. Grafu ya alama za mchezaji haianzi sifuri. Ikianza sifuri, mwaka mzima wa jasho utaonekana mstari uliolala. Lakini mhimili ukibanwa mno, kupanda na kushuka kwa alama 15, ambako ni mambo ya bahati tu, kutaonekana kama maafa. Mkono wa fundi unaonekana hapo, katika kuchagua upana unaolingana na mashaka. Anajua pia kukata desimali: asilimia 53.8462 ya michezo 13 ni majivuno, kwa kuwa mchezo mmoja tu ukigeuka namba nzima inahama kwa karibu asilimia 8. Anaandika 7 kati ya 13. Na haegemei nyekundu na kijani peke yake kuonyesha kushindwa na kushinda, kwa sababu wapo watu, wanaume hasa, ambao macho yao hayazitofautishi.

Kisha kuna uzito wa ukurasa wenyewe. Hapa kwetu takwimu zinasomwa kwa bando la siku, kwenye simu ya skrini ndogo, mara nyingi wakati mvua imeshaudhoofisha mtandao. Fundi anayejali hutuma kwanza namba chache zinazosomeka, halafu grafu, halafu picha kama bado zinahitajika. Anayetuma picha kwanza hajawahi kununua bando.

Na saa. Seva makini huandika saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa masaa matatu, kisha simu ya msomaji hugeuza. Takwimu za "leo" zinazokatwa saa sita ya usiku kwa saa ya dunia, kwetu zinakatwa saa tisa usiku, wakati hata wakeshaji wa Tukuyu wengi wameshalala. Anayeishi Los Angeles mpaka huohuo unamwangukia alasiri, na siku yake moja ya kucheza inapasuliwa vipande viwili.

Imebaki kazi ya kusahihisha. Mtandaoni wapo wanaodanganya: mtu anaiacha kompyuta imchezee sataranji huku yeye akijiita bingwa. Lichess wakimgundua, wanamfungia, kisha wanafanya jambo ambalo ligi za uwanjani mara nyingi haziwezi kulifanya kwa kila aliyeumia. Wanarudi kwenye rekodi za karibuni, wanatafuta walioshindwa na mtu huyo katika michezo ya alama, na kuwarudishia alama walizopoteza, kwa kiasi chenye mpaka ili fidia isije ikampandisha mtu kupita kiwango chake. Kijana wa Tukuyu anafungua simu na kukuta ujumbe mfupi kwamba alama kadhaa zimerudi. Pengine alishausahau mchezo ule. Fidia hiyo imewezekana kwa sababu mchezo ulihifadhiwa jinsi ulivyochezwa, ukiwa na namba yake, wachezaji wake na saa yake, na hakuna aliyeuyeyusha ndani ya wastani.